Punda Aliyekula Apewe Saa Ngapi?



Maandiko Matakatifu yamejaa habari za farasi na punda. Farasi wa Farao walizama katika bahari pamoja na magari yao. Punda wa Balaamu alisema maneno kama mtu. Bwana wetu mwenyewe aliingia Yerusalemu amepanda mwanapunda. Lakini sisi wa Fizi na Baraka twasoma habari hizo kama mtu asomaye habari za theluji. Twajua mbuzi na kondoo, twajua ng'ombe wa nyanda za juu za Itombwe. Farasi hatumjui ila katika picha ya Mtakatifu Martino akimkatia maskini joho lake, au ya Mtakatifu Jorji na joka.

Kwa hiyo mtu akiuliza, "Farasi akiisha kula majani, mwenyewe angoje muda gani kabla ya kumpanda?" wengine watacheka. Watasema: Hilo ni swali la Wazungu na Waarabu, sisi latuhusu nini? Mimi naona latuhusu sana. Katika njia zile za zamani zilizotoka pwani mpaka kwenye ziwa letu, swali hilo lilikuwa la uzima na la kufa, na wale waliolidharau walipoteza wanyama wao wote. Na wanyama walipokwisha, mzigo ulitafuta kichwa kingine.

Tuanze na jibu lenyewe. Mfuko wa chakula wa ng'ombe una vyumba 4, na kile kilicho kikubwa chaweza kushika lita 100 na zaidi. Ng'ombe hula upesi upesi, kisha hulala chini na kucheua, na kazi ya kucheua humchukua kadiri ya saa 8 kila siku. Kila mchungaji wa Itombwe ajua jambo hilo, hata kama hakuhesabu saa. Farasi na punda si hivyo. Mfuko wa farasi ni mdogo kwa mnyama mwenye mwili kama ule, nao hushika lita 8 mpaka 15 tu. Hacheui, wala hawezi kutapika, kilichoshuka hakirudi. Mwenyezi Mungu amemwumba ale kidogo kidogo, mchana na hata usiku. Akiwa huru malishoni, hula muda wa saa 14 mpaka 16 katika saa 24.

Basi desturi ya wafugaji ni hii. Farasi akiwa amekula majani kidogo, na mpandaji ataka mwendo wa taratibu, nusu saa yatosha, na mara nyingine hakuna haja ya kungoja. Akiwa ameshiba, na safari ni ya mbio au ya kupanda milima, apewe saa nzima au zaidi. Akiwa amekula nafaka nyingi, kama shayiri au mahindi, aachwe saa 2 au 3. Sababu yake ni kwamba mfuko uliojaa husukuma ule msuli mpana unaotenga tumbo na mapafu, na pumzi huwa fupi. Tena damu iliyotakiwa kufanya kazi tumboni huitwa miguuni. Chakula hukaa na kuchacha, hewa hujaa, na mnyama hushikwa na msokoto wa tumbo. Msokoto huo humfanya agaegae chini, na mara nyingi humwua.

Lakini kuna upande wa pili ambao wengi hawaujui. Mfuko wa farasi hutoa maji makali ya kusaga chakula saa zote, hata wakati asipokula. Akikimbizwa na tumbo tupu, maji yale hurukaruka ndani na kuchoma sehemu ya juu ya mfuko, yakafanya vidonda. Ndiyo maana waganga wa wanyama siku hizi hushauri farasi apewe majani kidogo kabla ya kutandikwa. Basi mwenye kumpanda mapema baada ya kula hukosa, na mwenye kumnyima nafasi ya kula hukosa zaidi. Tukiisha kushika jambo hilo, twaweza kuzitazama safari za zamani kwa macho mengine.

Watu husema kwamba farasi hawakufika kwetu kwa sababu ya inzi aitwaye mbung'o. Ni kweli kwa sehemu kubwa. Mwaka 1895 David Bruce, daktari wa jeshi la Uingereza, alionyesha huko Zululand kwamba mbung'o huchukua vijidudu katika damu ya mnyama na kuvitia katika damu ya mwingine. Mbung'o hao hao ndio waletao malale kwa watu, na wazee wa pwani ya ziwa letu hawana haja ya kufundishwa malale ni nini. Tena kuna ugonjwa mwingine wa farasi katika Afrika, uletwao na vijinzi vidogo sana vya usiku. Farasi aliyetoka Arabuni au Rasi ya Tumaini Jema alikutana na adui wawili hao mara moja.

Mwaka 1871 Stanley alipotoka Bagamoyo kwenda kumtafuta Livingstone, alikuwa na farasi 2 na punda zaidi ya 20. Farasi mmoja alikuwa zawadi ya Sultani Barghash wa Unguja. Kabla hawajaenda mbali, mahali paitwapo Kingaru, farasi yule wa Sultani akafa. Stanley aliamuru azikwe karibu na kambi. Mkuu wa kijiji akaja na kudai nguo, akisema mgeni amezika mzoga katika ardhi yake bila ruhusa. Stanley akamjibu kwamba vema, atamfukua na kumwacha pale pale juu ya ardhi kama alivyokuwa. Mkuu akafikiri harufu itakavyokuwa, akaacha shauri lake. Lakini saa chache baadaye farasi wa pili akafa naye. Stanley aliwapasua, akakuta mfuko wa chakula wa mmoja umejaa minyoo, na wa mwingine una uvimbe mbaya. Kwa hiyo yeye mwenyewe hakusema ni mbung'o aliyewaua. Alifika Ujiji kwa miguu.

Habari ya Livingstone ni yenye mafundisho zaidi. Yeye alitaka kujua kwa hakika ni mnyama gani awezaye kuchukua mizigo katika nchi zenye mbung'o. Mwaka 1866 alishuka pwani ya kusini, karibu na mto Ruvuma, akiwa na ngamia 6, nyati wa kufugwa wa Bara Hindi 3 na ndama mmoja, nyumbu 2 na punda 4. Alikuwa na askari wa Kihindi wa kuwatunza. Jaribio hilo lilikuwa jema sana kwa fikira. Lakini askari wale waliwatwika wanyama mizigo kupita kiasi, waliwapiga, waliwaendesha bila kuwapumzisha na kuwaacha walishe. Wanyama wakaanza kukonda, wakatoka vidonda, wakafa mmoja mmoja. Livingstone aliandika kwa uchungu kwamba sasa hawezi kujua ni inzi au ni ukatili uliowaua, maana dalili zimechanganyika. Jaribio likaharibika. Mwaka 1869 alivuka ziwa kutoka Ujiji, akapita kusini ya nchi yetu mpaka Kabambare. Hakuwa na ngamia wala nyati, alikwenda kwa miguu yake, tena mgonjwa.

Hapo ndipo napenda tukae kidogo na kuhesabu saa, kwa maana waandishi wengi wa safari husimulia vifo vya punda kama kwamba ni mvua iliyonyesha, jambo lisilo na mtu wa kuulizwa.

Kabla ya hao wawili, mwaka 1857, Burton na Speke waliondoka pwani wakiwa na punda wapatao 30, walionunuliwa Unguja. Walifika Ujiji mwezi wa Februari 1858, na mwezi wa Aprili wakavuka kwa mitumbwi, wakapita Ubwari, ambayo Burton aliidhani kuwa kisiwa, wakafika Uvira. Ghuba ya Baraka iliitwa kwa jina lake katika ramani za Wazungu. Lakini wale punda karibu wote walikuwa wamekufa njiani. Wengine walikufa kwa ugonjwa, wengine waliliwa na fisi usiku, wengine walichoka tu. Shogi zao zilikuwa mbaya, zikawachuna migongo mpaka nyama ikaonekana.

Msafara wa siku zile uliamka alfajiri. Kwenye saa 11 au saa 12 asubuhi ulikuwa njiani. Ulikwenda mpaka jua likawa kali, mara nyingi saa 5 au saa 6 mchana, kisha wakapiga kambi. Wapagazi walitua mizigo, wakatafuta kuni na maji, wakapika, wakala chakula chao kikubwa jioni. Utaratibu huo wamfaa mtu, kwa kuwa mtu aweza kujaza tumbo kwa nusu saa na kulala. Sasa mfikirie punda. Alipotuliwa mzigo ilikuwa adhuhuri, jua la utosi. Kutoka hapo mpaka magharibi alikuwa na saa 6 za kula, tena majani ya kando ya kambi, ambayo misafara iliyotangulia ilikwisha kuyakanyaga. Magharibi alifungwa ndani ya boma kwa sababu ya simba na fisi. Usiku kucha alisimama bila jani mdomoni, na alfajiri akatwikwa shogi juu ya tumbo tupu. Yeye aliyeumbwa kula saa 14 alipewa 6. Fanya hivyo siku 10, atakonda. Fanya hivyo miezi 7 au 8, hata pasipo mbung'o hatafika. Na mbung'o akimkuta mnyama aliyekwisha dhoofu hivyo, hufanya kazi yake upesi.

Sisemi kwamba wenye misafara hawakuwa na shida. Njaa ilikuwako, vita vilikuwako, hongo ililipwa kila kijiji. Nasema tu kwamba swali la saa za malisho halikuulizwa, kwa kuwa saa zote za msafara zilipangwa kwa ajili ya bidhaa.

Habari ya tembo yathibitisha neno hilo. Mwaka 1879 Leopold II, Mfalme wa Wabelgiji, alitaka kufungua njia kutoka pwani mpaka Tanganyika bila kutegemea wapagazi. Akawanunua tembo 4 wa Bara Hindi, madume 2 na majike 2, waliozoea kazi. Waliletwa kwa meli mpaka Msasani, karibu na Dar es Salaam, wakashushwa majini, wakaogelea mpaka nchi kavu. Kiongozi wao alikuwa Carter, mtu wa Ireland. Watu wa vijijini walikimbilia kuona ajabu hiyo ya tembo anayemtii mtu. Tembo wakapita nchi yenye mbung'o, wakaumwa, wasife. Furaha ikawa kubwa. Iliandikwa Ulaya kwamba shida imekwisha.

Lakini tembo hula kadiri ya kilo 150 za majani na magome kila siku, na kazi hiyo humchukua saa 16 au zaidi. Huko kwao Bara Hindi walikuwa wamezoea kupewa chakula cha ziada juu ya majani. Katika safari hiyo walitakiwa kujitafutia, huku wakitwikwa mizigo mizito mno na kupandishwa milima ya Usagara. Wa kwanza akafa ghafula kabla safari haijafika nusu. Wakafuata wa pili na wa tatu. Mmoja tu, jike, alifika Karema, ng'ambo ya ziwa letu upande wa kusini, mwisho wa mwaka ule ule, na huko akafa naye. Carter mwenyewe aliuawa mwaka 1880 huko Mpimbwe na askari wa Mirambo pamoja na wenzao, akiwa katika safari ya kurudi pwani. Waliochunguza jambo hilo baadaye walitaja mizigo mizito na chakula kisichotosha. Inzi hakuwa na hatia yo yote.

Wabelgiji wenyewe walijifunza baadaye. Mwanzoni mwa karne ya 20 afisa Laplume alianza kuwafuga tembo wa Afrika huko Api, katika nchi ya Uele, na kazi hiyo ikahamia baadaye Gangala na Bodio. Tembo wale walivuta magari na majembe. Walifanya kazi asubuhi, na baadaye waliachiwa malishoni pamoja na watunzaji wao, watu wa Kizande waliowaimbia na kuwaogesha. Tembo aliyepewa saa zake alifanya kazi miaka mingi. Jambo lililoshindikana katika njia ya Karema liliwezekana Uele.

Lakini katika nchi yetu halikungojwa hilo. Wanyama walipokwisha kufa, wenye bidhaa hawakuacha safari. Mzigo wa mpagazi ulikuwa frasila 2, yaani kilo 32 hivi, juu ya chakula chake na mkeka wake na chungu chake. Kwa njia hiyo ya vichwa vya watu pembe za ndovu zilifika pwani, na kwa njia hiyo hiyo vitu vya ibada na vitabu vilifika kwetu. Msafara wa kwanza wa Mapadre Weupe, wamisionari 10, uliondoka Bagamoyo mwaka 1878 ukiwa na mamia ya wapagazi. Padre Pascal alikufa njiani mwezi wa Agosti. Wenzake wa Tanganyika walifika Ujiji Januari 1879. Mwaka 1880 walifungua misioni ya Masanze, kando ya ghuba yetu, na mwaka 1883 ile ya Kibanga. Kila kikombe cha Misa kilichoinuliwa Kibanga kilikuwa kimekaa juu ya kichwa cha mtu kwa miezi. Jina lake halikuandikwa.

Mpagazi wa hiari, kama Wanyamwezi wengi walivyokuwa, alijua haki yake. Aligoma asipopewa posho. Alikaa chini, akatua mzigo, na tajiri akabembeleza. Punda hawezi kugoma hivyo, ila hulala chini na kufa. Lakini mpagazi wa kushurutishwa alikuwa katika hali ya punda. Katika vita vya mwaka 1916, majeshi ya Wabelgiji yalipotoka Kivu na kuvuka kwenda kuteka Kigoma mwezi wa Julai na Tabora mwezi wa Septemba, watu zaidi ya 200,000 walichukuliwa kubeba mizigo kwa zamu zao. Maelfu walikufa, na wengi wao hawakufa kwa risasi. Walikufa kwa njaa, kwa kuhara, kwa baridi ya milima. Mtu wa ndizi na muhogo alipewa unga asiozoea, au maharagwe yasiyopata saa ya kuiva kwa kuwa kambi ilifikiwa usiku na tarumbeta ilipigwa alfajiri. Maharagwe mabichi tumboni, mzigo kichwani, mlima mbele. Sioni tofauti kubwa kati ya mambo hayo na shogi juu ya tumbo tupu.

Sheria ya Musa, katika kitabu cha Kutoka, sura ya 23, iliamuru siku ya saba ya mapumziko, na yashangaza kuona inavyowataja walio chini. Ng'ombe na punda wametajwa kwanza, kisha mtoto wa mjakazi na mgeni, wote katika amri moja, ili wapate kupumua. Nilipokuwa nikisoma zamani nilidhani mpangilio huo ni wa bahati tu. Baada ya kuzisoma safari hizi sidhani hivyo tena. Aliyeandika amri hiyo alijua kwamba mzigo hauishii kwa punda. Punda akianguka, hushika njia ya mtoto wa mjakazi.

Siku hizi kati ya Baraka na Fizi mizigo mingi hupanda kwa pikipiki na kwa magari, barabara ikipitika. Hata hivyo twawaona kina mama, kikapu cha muhogo mgongoni na mkanda umepita kwenye paji la uso, wakipanda milima tangu alfajiri. Ukimwuliza mmoja wao amekula nini, atakujibu kwamba atakula akirudi.

Ikiwa siku moja mtu wa kwetu atajaribu kuleta punda ili awapunguzie akina mama hao mzigo, jambo hilo litakuwa la baraka, naye afanye hivi. Kwanza amwulize mganga wa wanyama kuhusu dawa ya mbung'o. Amjengee boma imara, na ndani ya boma amwekee majani makavu ya kutosha kula usiku kucha. Alfajiri amwache alishe kidogo, ampe maji, angoje kadiri ya nusu saa, ndipo amtwike. Mzigo usizidi ule wa wapagazi wawili, na kitambaa chini ya shogi kiwe kikavu. Kwenye mlima amwache apumue kila anaposimama mwenyewe. Saa 5 amtue mzigo na kumwacha kivulini penye majani, asimtwike tena mpaka jua limepoa. Na akimpa mahindi kwa kumshukuru, angoje saa 2 kamili, hata kama soko linafungwa.